Mizani, kikombe au tumpeco: kipi kipime nini jikoni

Wifi yangu alinipigia simu kutoka Arua siku mbili kabla ya Idi. "Wifi, keki yako imekuwa tofali."

Keki ilikuwa yake, ila maelekezo yalikuwa yangu. Nilimwandikia kwenye simu: unga wa ngano vikombe viwili na nusu, sukari kikombe kimoja, maziwa nusu kikombe, Blue Band robo kilo, mayai manne, beking pauda vijiko viwili vya chai. Nikamuuliza alipimia kikombe gani.

"Kikombe ni kikombe, wifi. Nimepima kwa tumpeco."

Msomaji asiyeishi Uganda huenda halijui neno hilo. Tumpeco ni lile kopo kubwa la mkono la kunywea uji. Jina lilitoka kwa kampuni iliyokuwa ikitengeneza vyombo vya enameli hapa nchini, na leo hata la plastiki tunaliita hivyohivyo. Langu linameza chupa nzima ya maji ya nusu lita. Mimi nilipoandika kikombe nilikuwa na maana ya kile cha plastiki chenye mistari, cha mililita 250. Kwa hiyo wifi aliongeza mara mbili unga, sukari na maziwa, lakini mayai yakabaki manne, Blue Band ikabaki robo kilo, na beking pauda ikabaki vijiko viwili. Angekuwa na mayai manane, nusu kilo ya Blue Band na beking pauda vijiko vinne, angepata keki mbili nzuri tu na asingenipigia simu.

Jambo hili halizungumzwi sana. Ukubwa wa kikombe haukudhuru mradi kila kitu kimepimwa kwa kikombe hichohicho. Ubaya unaingia pale maelekezo yanapochanganya: hiki kwa kikombe, kile kwa gramu, kingine kwa kuhesabu. Na maelekezo ya keki karibu yote yako hivyo, kwa sababu yai halipimwi kwa kikombe.

Tangu siku ile nimekuwa nikiulizwa, na wifi mwenyewe kwanza, kama ni bora kununua mizani au kukaa na vikombe. Napika mandazi, keki na chapati za oda hapa Bombo, na vyote viwili ninavyo. Nitavilinganisha kama ninavyovitumia.

Kikombe chenyewe ni kipi

Kwanza tuelewane kuhusu hicho kikombe cha kwenye intaneti. Cha Kimarekani kina mililita 237 hivi. Cha Australia na Kanada ya leo, ambacho ndicho kinachouzwa sana kwenye seti za plastiki madukani kwetu, kina 250. Cha Kijapani kina 200. Kikombe cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa 180, kinaweza kuwa 300, na hakuna aliyekosea, kwa sababu kilitengenezwa kwa ajili ya chai.

Kati ya 237 na 250 tofauti ni ndogo, kama kijiko kimoja cha mezani, na kwa keki ya kawaida ya nyumbani sijawahi kuiona ikiharibu kitu. Cha kuogopa ni tumpeco, na ni aunsi.

Aunsi ziko mbili. Ya uzito ni gramu 28 na kidogo, na ratili moja ina aunsi 16, yaani gramu 454. Ya ujazo, ya Kimarekani, ni mililita kama 30, na kikombe chao kina aunsi nane za aina hiyo. Sasa mtu akisoma "unga aunsi 8" akachota kikombe kimoja, amekosea karibu nusu: gramu 227 za unga ni karibu vikombe viwili. Kwa maji au maziwa asingeona tofauti, ndiyo maana kosa hili hudumu miaka kwenye daftari la mtu bila kugunduliwa. Kanuni yangu ni moja: aunsi ikiandikwa mbele ya kitu kikavu, ni uzito.

Unga wa ngano ndio kesi yenyewe

Ukiwa na nafasi ya kupima kitu kimoja tu kwa mizani, pima unga wa ngano. Nilifanya jaribio mezani, kikombe kilekile cha 250, pakiti ileile.

Mara ya kwanza niliuchekecha moja kwa moja ndani ya kikombe hadi ukajaa, nikasawazisha kwa mgongo wa kisu bila kutikisa. Gramu 114. Mara ya pili niliukorogakoroga ndani ya pakiti, nikautia kikombeni kwa kijiko, nikasawazisha. Gramu 128. Mara ya tatu nikafanya tunavyofanya wote: nikazamisha kikombe ndani ya pakiti, nikachota, nikafuta juu. Gramu 152. Mara ya nne nikachota hivyohivyo, nikagonga kikombe mezani mara tatu ili "kijae vizuri", nikaongeza, nikafuta. Gramu 171.

Kikombe ni kimoja na unga ni uleule, lakini kati ya mkono mwepesi na mkono mzito kuna gramu 57. Kwa vikombe vinne hiyo ni gramu 228, yaani umeongeza karibu vikombe viwili vya ziada huku ukiapa kwamba umetia vinne. Hapo ndipo utasikia mtu akisema oveni yake mbaya, au beking pauda imekufa, au mkono wake si wa keki.

Pakiti iliyolaliwa na nyingine stoo huwa imeshindiliwa hata kabla hujaifungua. Msaidizi wa kazi naye ana mkono wake. Niliwahi kupika mandazi ya hitima kwa maelekezo yangu mwenyewe, mpimaji akiwa binti mwingine, yakatoka magumu ya kurushia ndege. Maelekezo hayakuwa na kosa. Yeye alikuwa akishindilia kwa kiganja, kwa nia njema kabisa, asije akaonekana mchoyo.

Kwa unga, basi, mizani inashinda na sina maneno zaidi. Ukiona maelekezo ya Kimarekani, kadiria gramu 120 hadi 125 kwa kikombe. Kwa kikombe cha 250, kadiria 125 hadi 130. Halafu achana na kikombe.

Vingine, kwa haraka

Sukari haishindiliki, maana chembe zake ni ngumu. Nilichota mara nne nikapata tofauti ya gramu tatu au nne tu. Mchele ni hivyohivyo. Hapo kikombe kinatosha. Blue Band ni kinyume chake: kuijaza kikombeni bila kuacha mapango ya hewa ni adha, na kuitoa ni adha nyingine. Kama huna mizani, tumia kopo lake. La robo kilo lishapimwa kiwandani. Ligawe kwa kisu.

Hizi ni namba za jikoni kwangu, kikombe cha mililita 250 kilichosawazishwa. Zichukue kama makadirio, zako zinaweza kupishana na zangu kwa gramu tano au kumi:

| Kitu | Gramu kwa kikombe | Mimi napimia |
|---|---|---|
| Maji | 250 | chochote |
| Maziwa | 258 | kikombe |
| Mafuta ya kupikia | 230 | kikombe |
| Unga wa ngano, kwa kijiko | 128 | mizani |
| Unga wa mahindi | 150 | jicho |
| Sukari ya kawaida | 210 | chochote |
| Sukari ya unga | 122 | mizani |
| Mchele | 200 | kikombe |
| Blue Band | 240 | mizani au kopo lake |
| Asali | 355 | mizani |
| Karanga za kusagwa, laini | 270 | mizani |

Tazama mstari wa asali na wa sukari ya unga. Kikombe kimoja, na kimoja kati yao kina uzito karibu mara tatu ya kingine. Ndiyo maana hakuna jibu la swali ninaloulizwa kila wiki: "Kikombe kimoja ni gramu ngapi?" Gramu za nini, mwanangu?

Maji peke yake ndiyo hayana makuu: mililita moja, gramu moja. Mafuta ni mepesi kidogo, na hili lina faida sokoni. Jerikeni la mafuta la lita 20 lina mafuta ya uzito wa kilo 18 na nusu hivi, si 20. Anayekuuzia kwa kilo na anayekuuzia kwa lita hawauzi kitu kimoja hata bei zikifanana, kwa hiyo uliza kwanza.

Pale mizani inapochosha

Nisije nikaonekana nimeuza roho kwa mizani. Kwa pilau sipimi gramu. Mchele vikombe vitatu, supu na maji vikombe kadhaa kulingana na mchele wenyewe, na kama kikombe ni tumpeco basi vyote ni tumpeco. Uwiano wa ujazo kwa ujazo unatosha, na ni mwepesi kukumbuka hata kwenye sufuria la watu mia.

Posho, yaani ugali, sijaona anayeipima. Maji yakichemka unatia unga, unasonga, unatia tena, mkono unakuambia. Ukimwekea mama wa Kiganda mizani kwenye posho au kwenye matooke, zile ndizi za kupika, atakutazama kama mgonjwa. Hata kabalagala, ambazo zimetengenezwa kwa unga wa muhogo na ndizi zilizoiva sana, mizani haisaidii sana: ndizi za leo zina maji kuliko za jana, na unga unaongezwa hadi donge liache kushika vidole.

Na kuna kipimo cha tatu ambacho wauza rolex (chapati iliyoviringwa na mayai) wote wa barabarani wanakijua bila kufundishwa, nacho ni pakiti. Mwenye kibanda hana mizani wala kikombe. Ana pakiti ya ngano ya kilo mbili, jagi lake la maji lenye alama ya kucha, na kiganja cha chumvi. Chapati zake za Jumatatu na za Ijumaa ni zilezile. Kwa kweli huyo anapika kwa uzito, kiwanda kimempimia. Kama huna hela ya mizani wiki hii, mfuate: tengeneza maelekezo yako yaanzie kwenye pakiti nzima au nusu pakiti.

Vitu vidogo: rudi kwenye kijiko

Hapa watu wengi walionunua mizani hukosea. Mizani ya kawaida ya jikoni husoma gramu moja moja. Ukipima hamira gramu 3, inaweza kuwa 2 na nusu au 3 na nusu na mizani isijue. Zipo zile ndogo za kusoma sehemu ya kumi ya gramu, lakini hazibebi bakuli.

Kijiko cha kupimia cha mililita 5 kinafaa zaidi: chumvi laini gramu 6, hamira ya chembe gramu 3 hivi, beking pauda gramu 4 au 5. Ila kiwe cha kupimia kweli. Kijiko cha chai cha kabatini kwako si lazima kiwe mililita 5. Changu kimoja ni 3 na nusu. Namna ya kukijua hainunuliwi: tafuta kile kikombe kidogo au bomba la plastiki linalokuja na dawa ya maji ya watoto. Lina alama ya mililita 5. Mimina maji mpaka alama, yahamishie kwenye kijiko, uone kama yanajaa au yanamwagika. Cha mezani kinatakiwa kubeba mara tatu ya hayo. Kama maelekezo yametoka Australia, cha mezani chao ni mililita 20, wengine karibu wote ni 15.

Kama utanunua, ununue ipi

Ya saa, ile yenye sahani juu na mshale, haihitaji betri na haiogopi maji. Lakini mistari yake mara nyingi ni ya gramu 20 au zaidi, na springi huchoka. Inafaa kwa anayekanda kilo tano za ngano kwa mkupuo, ambaye gramu 20 kwake ni vumbi.

Ya kidijitali ni nyembamba kama kitabu, hubeba kilo tano. Uzuri wake mkubwa ni kitufe cha kurudisha sifuri. Weka bakuli, bonyeza, mimina unga hadi 320. Bonyeza tena, sukari hadi 210. Bonyeza, Blue Band. Hakuna vikombe vya kuosha, na wenye maji ya jerikeni wanaelewa ninachosema. Ubaya wake ni betri inayokufa Jumamosi usiku oda ikiwa ya Jumapili asubuhi, na ukiiweka juu ya meza inayoyumba inakupa namba za kubahatisha. Na zingine hujizima zenyewe ukiwa unachekecha polepole, namba inapotea. Andika kabla ya kuchekecha.

Kuihakiki, weka jagi tupu, rudisha sifuri, mimina maji mililita 500 kwa chombo chenye alama. Ikisoma 495 hadi 505 nenda kapike. Hii ni ya jikoni tu. Ukitaka kumuuzia mtu kwa mizani, hiyo ni habari nyingine: mizani ya biashara inatakiwa ihakikiwe na UNBS, shirika letu la viwango, na iwe na alama yao.

Sokoni bado tumpeco na kikopo vina nguvu. Maharage, karanga, dagaa, vinapimwa kwa kilima, halafu unadai nyongeza, na muuzaji anatupia kiganja huku akinung'unika. Sisemi vibaya, nyongeza ndiyo urafiki wenyewe. Ila kopo lililobonyezwa kitako kwa ndani hudanganya macho, na kilima cha mama mmoja si cha mwingine. Nikinunua karanga za oda nanunua kwa kilo. Za kutafuna njiani nanunua kwa kikopo.

Pishi

Wazee wetu walipima kwa ujazo na mambo yakaenda. Kibaba ni ujazo. Vibaba viwili kisaga, vibaba vinne pishi. Hata zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula, yaani ujazo. Msikitini kwetu inatangazwa kilo mbili na nusu, kwingine utasikia kilo tatu, na kila Ramadhani kuna mtu huuliza kwa nini zisiwe sawa. Angalia jedwali la juu utaona chanzo kimojawapo: pishi ileile ya mchele haina uzito wa pishi ya unga. Kilo ni tafsiri tu ya pishi, na inategemea nini kilikuwa ndani yake. Wenye elimu wana sababu zao nyingine na siwaingilii. Mimi hutoa mchele, na hutoa kilo tatu, niwe upande wa salama.

Kwa wenye oda

Anayepika keki moja kwa mwezi anaweza kuishi na kikombe, mradi atie unga kwa kijiko na kusawazisha. Anayeuza hawezi. Mteja wa mandazi hamsini akirudi na oda ya mia tatu, kikombe kinakugeuka: unahesabu vikombe vingi vya unga, mtu anakusemesha katikati, hujui kama ulikuwa kumi na tano au kumi na sita.

Kwa uzito naandika kila kitu kulingana na unga. Mandazi yangu: unga kilo moja, sukari gramu 180, Blue Band gramu 60, hamira gramu 10, chumvi kijiko cha chai, maziwa na maji gramu 520. Unga ukiwa kilo sita, zidisha kila mstari kwa sita. Chumvi iwe gramu 36, wala huhitaji kuhesabu vijiko. Chapati vilevile: kwa kila kilo ya unga, maji 580, mafuta 50, chumvi 15. Ngano ikiwa inakunywa maji zaidi utaongeza kidogo, hilo mkono bado ndio hakimu.

Kuhamisha daftari la zamani hakuchukui siku nzima. Siku utakapopika, pima kwa vikombe kama kawaida yako, kwa mkono wako wenyewe, lakini bakuli liwe juu ya mizani, na uandike namba pembeni. Mkono wako ukiwa mzito, namba itakuwa nzito, na ndiyo iliyotoa mandazi watu wanayoyapenda. Usiisahihishe kwa jedwali la mtu, hata hili langu.

Wifi hajanunua mizani. Nilimtumia kikombe kimoja cha 250 na rangi ya kucha kupitia kijana wa basi. Alijaza kikombe maji, akayamimina ndani ya tumpeco, akachora mstari mwekundu yalipofikia. Idi iliyofuata alituma picha ya keki, na chini yake: "Wifi, hii kata kwa kisu, si kwa panga."